Jude the Obscure ya Thomas Hardy: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Riwaya hii ilitoka mwaka 1895 na kuzua ugomvi mkubwa Uingereza. Leo wengi huikuta masomoni au kwenye vikundi vya kusoma, na maswali wanayokuja nayo hufanana. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kadiri ninavyokielewa kitabu, ambacho nakipenda na kinachonihuzunisha kila ninapokirudia. Angalizo: majibu yanataja mambo hadi mwisho wa hadithi, vikiwemo vifo vya watoto. Kama hutaki kuyajua mapema, soma jibu la kwanza na la mwisho, mengine uyaache kwanza.

Kitabu kinahusu nini, kwa ufupi?

Jude Fawley ni yatima wa kijijini anayelelewa na bibi yake, Drusilla, muuza mikate. Ana miaka 11 mwalimu wake, Richard Phillotson, anapohamia Christminster, mji wa chuo kikuu, na tangu siku hiyo mtoto anatamani kumfuata. Anajifundisha Kilatini na Kigiriki peke yake, kitabu kikiwa mapajani huku akiendesha mkokoteni wa mikate. Akiwa kijana ananaswa katika ndoa na Arabella Donn, binti wa mfuga nguruwe. Ndoa inavunjika upesi. Arabella anakwenda Australia na wazazi wake, na Jude anahamia Christminster kutafuta kazi ya uashi wa mawe. Huko anakutana na binamu yake, Sue Bridehead, msichana aliyesoma sana, mwenye akili nyepesi na asiyetabirika. Wanapendana. Lakini Jude ana mke, na Sue naye anaolewa na yule yule Phillotson.

Yanayofuata ni habari ya watu wawili walioziacha ndoa zao wakaishi pamoja bila cheti, na yaliyowapata kwa sababu hiyo.

Kwa nini mapenzi yao yalikatazwa? Ni kwa sababu ni binamu?

Hili wasomaji wa kwetu huliuliza kuliko jingine lolote. Msomaji wa Lamu, Mombasa au Unguja anaona watoto wa ndugu kuoana ni jambo la kawaida, tena katika familia nyingi ndilo linalotakiwa. Msomaji wa jamii nyingi za bara anaona ni mwiko wa kuleta laana. Kila mmoja hukifungua kitabu na macho ya kwao.

Uingereza ya karne ya 19 haikukataza. Malkia Victoria mwenyewe aliolewa na Albert mwaka 1840, na Albert alikuwa mtoto wa mjomba wake. Jude naye ni mtoto wa mjomba wake Sue, undugu ule ule kabisa. Kwa sheria na kwa kanisa hapakuwa na kizuizi hapo.

Kinachotajwa kitabuni ni hofu ya ukoo. Bibi Drusilla anamwonya Jude kwamba akina Fawley hawakuumbiwa ndoa: baba na mama yake Jude waliachana, mama akajiua, mama yake Sue naye alimkimbia mumewe. Damu mbili za namna hiyo zikikutana, anasema, balaa litakuwa maradufu. Jude na Sue huyakumbuka maneno hayo kila wanapokaribia kufunga ndoa.

Kizuizi cha kweli mwanzoni ni ndoa zao za awali. Baadaye zote mbili zinavunjwa mahakamani na hakuna tena sheria inayowatenganisha, lakini mateso ndiyo kwanza yanaanza. Kwa maoni yangu hapa ndipo kiini cha kitabu kilipo. Majirani wangeweza kuwavumilia wakipendana. Walichoshindwa kukivumilia ni wawili hawa kuishi kama mume na mke na kukiri wazi kwamba hawakufunga ndoa.

Sheria ya talaka ilisemaje wakati huo?

Hadi mwaka 1857, Mwingereza aliyetaka talaka ya kumruhusu kuoa tena alihitaji sheria maalumu ipitishwe na Bunge kwa ajili yake peke yake, jambo la matajiri. Sheria ya 1857 ililipeleka suala hilo mahakamani, lakini kwa mizani mbili. Mume alihitaji kuthibitisha uzinzi wa mkewe tu. Mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi wa mume pamoja na kosa jingine, kama ukatili au kumtelekeza. Upendeleo huo ulidumu hadi 1923.

Hapakuwa na talaka ya kukubaliana. Watu wawili wenye heshima zao, walioona wazi kwamba hawawezani, hawakuwa na mlango wa kutokea isipokuwa mmoja apatikane na hatia. Ndiyo maana Sue anasononeka hata baada ya kuachiwa. Mahakama ilidhani amezini na Jude, na wakati huo walikuwa hawajalala pamoja. Anahisi uhuru wake umepatikana kwa udanganyifu, na Jude anamjibu kwamba wao walipitishwa haraka kwa sababu ni watu maskini wasiojulikana, ambao hakuna aliyejali kuwachunguza.

Walipopata talaka, mbona hawakuoana wakamaliza?

Walijaribu. Sura hiyo isomeni polepole. Wanakwenda kwa msajili wa ndoa siku ya mvua. Ofisi ni chumba kikavu cha serikali, sakafu ina matope ya viatu vya watu, vitabu vya sheria vimepangwa ukutani. Mbele yao kuna askari aliyenuna na bibi harusi wake, ambaye mimba yake inaonekana na jicho lake limevilia damu. Kuna na mwanamume mwingine aliyetoka jela asubuhi hiyo hiyo, mchumba wake akimngoja. Sue anawatazama na kumwomba Jude watoke. Wanaingia kanisani kuona kama huko ni afadhali, wanamkuta bibi harusi mwingine akila kiapo, naye Sue anatetemeka. Wanarudi nyumbani kama walivyokuja.

Hofu yake ni hii: akishaandikiwa kwamba lazima ampende Jude, mapenzi yatakufa. Ameshaonja ndoa moja ambamo mwili wake ulikuwa haki ya mtu mwingine. Huko Shaston, mji walikoishi na mumewe, Phillotson alipoingia chumbani kwake kwa kusahau, Sue aliruka kupitia dirishani. Mtu aliyeruka dirishani kumkimbia mume asiye mkatili hawezi kuambiwa cheti ni karatasi tu. Jude yeye angeoa. Anakubali kungoja kwa ajili yake, na kila wanapoliahirisha wanapata raha ya siku chache.

Baadhi ya wasomaji huona huu ni ukaidi wa bure uliowaponza watoto. Mimi siwezi kumlaumu Sue kwa kuogopa kitu alichokijua, ingawa nakubali kwamba watoto walilipa bei ambayo hawakuulizwa.

Jamii iliwafanyia nini hasa? Walifungwa? Walipigwa?

Hapana, na uchungu wa kitabu uko hapo. Hakuna polisi wala hakimu anayewafuata. Yote yanafanyika kwa kazi na kwa chumba cha kupanga.

Chukua tukio la kanisani, karibu na mji wa Aldbrickham. Jude amepewa kazi ya kurudishia maandishi ya Amri Kumi yaliyofifia juu ya madhabahu. Sue, ambaye ana mkono mzuri wa kuandika, anakuja kumsaidia. Yuko juu ya jukwaa la mbao na brashi yake, anapaka herufi moja baada ya nyingine. Mwanamke wa kufagia kanisa anamtambua. Wanawake wawili wanaingia, wanamtazama Sue, wananong'ona kwa sauti inayosikika. Mzee wa kanisa anasimulia kisa cha mafundi wa zamani walioandika amri hizo wakiwa wamelewa na kuliacha neno la kukataza katika kila amri. Sue anatokwa machozi. Muda si mrefu anafika mkandarasi na kuwaambia kwa upole kwamba ni afadhali waache, atawalipa hadi mwisho wa wiki. Hakuna aliyetukana. Watu wawili wamefukuzwa kazi ya kuandika neno la Mungu kwa sababu ya namna wanavyoishi, na aliyewafukuza anaona aibu kidogo.

Baada ya hapo kazi zinakauka. Jude analazimika kujitoa kwenye kamati ya chama cha mafundi cha kujiendeleza, maana wenzake wanaanza kumwangalia kwa jicho jingine. Mtoto wa Jude na Arabella, anayeishi nao, anataniwa shuleni juu ya Sue, anayemwita mama. Mwishowe vyombo vya nyumbani vinapigwa mnada. Sue anawafuga njiwa wawili anaowapenda, nao wanauzwa kwa mwenye duka la nyama ya ndege. Jioni anapita hapo, anaangalia huku na huku, anachomoa kijiti kilichofunga tenga, njiwa wanaruka. Halafu anajilaumu kwa kumtia hasara mwenye duka. Ukitaka kumjua Sue Bridehead, mtazame katika tendo hilo moja: huruma kwanza, kisha dhamiri inamsuta pale pale.

Wanahamahama. Jude anaugua, na Sue anauza gulioni biskuti za tangawizi walizozioka kwa umbo la madirisha na minara ya Christminster. Hata kwenye njaa mji ule haumtoki Jude.

Kisha wanarudi Christminster siku ya sherehe za chuo, mvua inanyesha, Sue ni mjamzito, na watoto watatu wako nao. Jude, badala ya kutafuta chumba kwanza, anasimama kutazama maandamano ya wasomi na kuhutubia watu waliomzunguka juu ya maisha yake yaliyoshindikana. Wanapoanza kuzunguka, nyumba baada ya nyumba inawakataa. Mama mmoja mwenye nyumba anakubali kumpokea Sue na watoto, Jude akalale kwingine. Usiku huo anamuuliza Sue kama kweli ameolewa. Sue angeweza kusema ndiyo. Anasema ukweli, na mume wa mwenye nyumba anaamua wahame kesho yake.

Hawakujaribu hata kudanganya?

Mara moja. Walikwenda London siku chache, wakarudi wakiwaacha watu waelewe kwamba wamefunga ndoa huko, na Sue akaanza kuitwa Bi. Fawley. Hawakuaminiwa. Uongo wenyewe waliufanya nusunusu, kwa aibu.

Sheria ya ndoa ya Tanzania ingewasaidia?

Swali hili liliulizwa na msomaji aliyesomea sheria na naliona la maana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana na watu kuwa ni mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Jude na Sue waliishi pamoja zaidi ya hapo. Lakini tazama sharti la pili, la kujulikana kuwa ni mume na mke, na pia kwamba dhana hiyo inaweza kupingwa. Mwanamke anayemwambia mwenye nyumba kwa kinywa chake kwamba hakuolewa ameshaipinga mwenyewe. Na hata sheria ingewatambua, Sue angekataa kutambuliwa. Alichokuwa anakikimbia ni hicho hicho.

Christminster ni mji wa kweli?

Ni Oxford. Hardy aliipa miji halisi majina yake mwenyewe na kuliita eneo lote Wessex. Melchester ni Salisbury, Shaston ni Shaftesbury, Aldbrickham ni Reading, na Alfredston ni Wantage. Marygreen, kijiji cha Jude, ni Fawley katika Berkshire, na hapo ndipo jina lake la ukoo lilipotoka. Bibi yake Hardy, mzaa baba, alikulia Fawley akiwa yatima na hakuwa na kumbukumbu njema za utoto wake huko.

Kwa nini Jude hakupokelewa chuoni? Hakuwa na akili ya kutosha?

Akili alikuwa nayo. Hakuwa na fedha wala mtu wa kumfundisha, na ufadhili uliwaendea vijana waliosomeshwa na walimu bora tangu utotoni. Anawaandikia barua wakuu kadhaa wa vyuo, na mmoja tu anamjibu, kwa mistari michache: kwa kuwa wewe ni fundi, utafanikiwa zaidi ukibaki katika hali yako na kushika kazi yako. Usiku huo Jude, akiwa amelewa, anaandika kwa chaki kwenye ukuta wa chuo maneno ya Ayubu 12:3, kwamba yeye naye ana fahamu kama wao wala si duni yao.

Anazitengeneza kuta za vyuo kwa mikono yake na hawezi kuingia ndani kusoma. Sioni haja ya kuongeza neno hapo.

Mambo yalianza kusogea si muda mrefu baada ya kitabu kutoka. Mwaka 1899 kilianzishwa Oxford chuo cha wafanyakazi, Ruskin, na Hardy aliandika mwaka 1912 kwamba kuna waliosema kingefaa kuitwa kwa jina la Jude. Mwaka 1920 Oxford ilimpa Hardy shahada ya heshima, na mwaka huo huo wanawake wakaanza kupewa shahada pale. Sue angekuwa bibi kizee.

Arabella ndiye mbaya wa hadithi?

Amedanganya kwamba ana mimba ili aolewe, na mara ya pili anamlewesha Jude ili amuoe tena. Hayo hayana utetezi. Lakini soma sura ya kuchinja nguruwe kabla ya kumhukumu moja kwa moja. Ni alfajiri ya theluji na mchinjaji hajafika. Arabella anataka nguruwe atokwe damu polepole, maana nyama iliyobaki na damu haiuziki vizuri. Jude hawezi kuvumilia maumivu ya mnyama waliyemlisha kwa mikono yao, anachoma kisu kwa nguvu ili afe upesi. Arabella anakasirika: watu maskini lazima waishi. Katika hoja hiyo ana haki yake. Amekulia kwenye umaskini ambao huruma ni hasara, na anajua kanuni za mchezo ambazo Jude na Sue hawataki kuzijua.

Tazama pia malipo yao. Arabella aliolewa Australia na mume wa pili wakati wa kwanza yu hai, kosa la jinai kabisa. Lakini kwa kuwa kila mara ana pete na cheti, hakuna anayemnyima chumba.

Na Phillotson?

Huyu husahauliwa, nami humwonea huruma. Sue anapomwomba amwache aende, anakubali, kinyume na ushauri wa rafiki yake Gillingham, kwa sababu anaona ni ukatili kumshikilia mtu asiyekutaka. Kamati ya shule inamtaka ajiuzulu kwa kumruhusu mkewe aondoke. Anakataa, na katika mkutano wa hadhara wanaomtetea ni wachuuzi na watu wa maonyesho wanaozunguka magulioni, hadi ngumi zinapigwa. Anapoteza kazi. Baadaye, akiwa ameonja gharama ya wema wake, anamrudisha Sue kwa sababu ndoa hiyo itamsafishia jina. Mtu mwema aliyechoshwa hadi akageuka.

Mbona Sue ni kigeugeu? Mwanzoni hana dini, mwishoni ana dini kupita kiasi.

Mwanzoni ni yule msichana anayefanya kazi kwenye duka la vifaa vya kanisa, akanunua sanamu za Venus na Apollo, akazifunika majani, na kumdanganya mwenye nyumba kuwa ni za watakatifu. Katika chuo cha ualimu cha Melchester, alipokosa kurudi usiku mmoja baada ya matembezi na Jude, anafungiwa chumba peke yake, naye anatoroka dirishani na kuvuka mto maji yakimfika mabegani. Ni yeye anayemfundisha Jude kuhoji.

Kisha watoto wanakufa. Aliyepoteza watoto wote kwa mpigo mmoja hutafuta sababu, na sababu pekee aliyopewa na jamii yake ni kwamba ni adhabu. Anaikumbatia. Anarudi kwa Phillotson, mtu ambaye mwili wake unamkataa, na kulala naye kama kitubio. Wengine husema mwandishi alimwadhibu mwanamke huru. Mimi naona aliandika jinsi msiba unavyomvunja mtu aliyesimama peke yake muda mrefu. Jude anakwenda kinyume chake: msiba ule ule unamwondolea imani iliyobaki. Wanapishana njiani, na kupishana huko kunaniuma kuliko kifo cha Jude chenyewe.

Yule mtoto wa Arabella je? Wengi hushindwa kuendelea na kitabu hapo.

Ni halali kushindwa. Jude hakujua kwamba ana mtoto hadi Arabella alipomwandikia. Mtoto anafika kwa treni peke yake, tiketi imechomekwa kwenye kofia na ufunguo wa sanduku lake umening'inia shingoni kwa kamba. Hana jina la ubatizo. Wamezoea kumwita Kizee cha Wakati, maana ana uso wa mtu aliyeishi sana.

Usiku ule wa kukataliwa nyumba anamuuliza Sue maswali: je, ni kwa sababu yetu sisi watoto hatupati chumba? Sue amechoka na anamjibu mtoto kama mtu mzima. Anamwambia pia kwamba mwingine anakuja. Asubuhi mtoto anawaua wadogo zake wawili na kujiua, akiacha kikaratasi chenye kosa la tahajia kinachosema wamekuwa wengi mno. Mtoto aliyekuwa tumboni naye anazaliwa akiwa mfu.

Wahakiki wengi wamesema tukio hili limezidi, na kama swali ni la uwezekano sitabishana nao. Lakini lina msingi wake. Mtoto amejifunza hesabu ya wenye nyumba: kila kichwa kimoja zaidi ni mlango mmoja zaidi uliofungwa. Ameifuata hesabu hiyo hadi mwisho. Ikiwa umewahi kupatwa na msiba wa namna hii katika familia, si vibaya kabisa kuziruka kurasa hizo.

Ni kweli askofu alikichoma moto?

Alikuwa William Walsham How, askofu wa Wakefield. Mwaka 1896 aliandika gazetini kwamba amekitupa kitabu motoni, na kwa ushawishi wake kikaondolewa kwenye maktaba za kuazimisha vitabu za W. H. Smith, zilizokuwa na nguvu kubwa katika soko la vitabu. Hardy alijibu miaka baadaye kwamba huenda askofu alikichoma kitabu kwa kukata tamaa ya kutoweza kumchoma yeye. Askofu hakuwa peke yake: mwandishi Margaret Oliphant alikiweka kitabu katika kile alichokiita umoja wa wapinga ndoa.

Kabla ya hapo jarida la Harper's, lililokitoa kwa mfululizo kuanzia Desemba 1894 hadi Novemba 1895, lilimtaka Hardy alainishe mambo mengi kwa ajili ya wasomaji wa kifamilia. Alikata, kisha akayarudisha kwenye kitabu.

Ndiyo sababu aliacha riwaya?

Mwenyewe alisema mapokezi yale yalimwondolea hamu ya kuandika riwaya. Mwaka 1897 ilitoka nyingine, lakini hiyo ilikuwa imeshachapishwa jaridani mwaka 1892. Kuanzia 1898 alitoa mashairi, kazi aliyoipenda tangu ujana, na akaendelea nayo hadi alipofariki Januari 1928 akiwa na miaka 87.

Je, ni maisha yake mwenyewe?

Alikana. Baba yake alikuwa mwashi na mjenzi, yeye mwenyewe alianza kufunzwa usanifu majengo akiwa na miaka 16 huko Dorchester, na hakusoma chuo kikuu. Dada zake wawili walisomea ualimu Salisbury, kwa hiyo maisha ya chuo cha Melchester aliyajua kwa karibu. Ndoa yake na Emma Gifford, waliyoifunga 1874, ilikuwa imepoa, na Emma hakukipenda kitabu hiki hata kidogo. Zaidi ya hapo ni ubunifu.

Kitabu kinapinga dini?

Kwenye ukurasa wa mbele Hardy aliweka maneno ya Paulo, kutoka 2 Wakorintho 3:6, kwamba andiko huua. Sehemu ya pili ya mstari, kwamba roho huhuisha, aliiacha, na ukijua mstari wote pengo hilo linasikika. Anachokipinga ni sheria iliyobaki herufi. Wasomaji wa dini wamekisoma bila kuipoteza imani yao, na wengine kimewafanya wawe wapole zaidi kwa jirani anayesemwa.

Kiingereza chake ni kigumu? Nikipate wapi, na nianzie wapi?

Sentensi zake ni ndefu, na kuna lahaja ya kijijini kwenye mazungumzo ya Arabella na Bibi Edlin, mjane wa Marygreen. Sura za mwanzo, za mtoto anayefukuza ndege shambani na kuwaacha wale kwa huruma hadi anachapwa, ni nyepesi na zinatosha kukuonyesha kama kitabu ni chako. Kina sehemu sita, kila moja na mji wake, kwa hiyo kikundi kinaweza kusoma sehemu moja kwa wiki. Haki miliki yake imekwisha, na Project Gutenberg wanakitoa bure kwenye intaneti. Ukinunua nakala ya karatasi, tafuta yenye utangulizi wa Hardy wa 1895 na nyongeza yake ya 1912, ila uvisome baada ya hadithi. Kuna pia filamu ya mwaka 1996 ya Michael Winterbottom, Christopher Eccleston akiwa Jude na Kate Winslet akiwa Sue. Imeigizwa vizuri sana, lakini inaishia kabla ya siku za mwisho za Jude, kwa hiyo mwanafunzi mwenye mtihani asiitegemee.